Ziwa, Mpaka na Darasa: Yaliyounda Masomo na Hamu ya Wanafunzi wa Shule za Msingi Kavimvira

1.0 Utangulizi

Mijadala mingi kuhusu elimu ya msingi huanza na mtaala, idadi ya vitabu na mafunzo ya walimu. Mambo hayo ni muhimu, lakini peke yake hayaelezi kwa nini mtoto mmoja hupenda kusoma, na mwenzake aliyeketi naye kwenye benchi moja huchoka mapema akaacha shule. Hamu ya mtoto haianzii darasani. Hujengwa na lugha anayoijua kabla ya kuandikishwa, kazi anazoziona zikifanywa na watu wazima, gharama inayowabana wazazi wake, na usalama wa njia anayopita asubuhi. Mtoto huingia darasani akiwa tayari na hayo yote.

Makala haya yanachunguza mambo hayo kihistoria katika eneo moja, Kavimvira, mtaa wa kaskazini wa mji wa Uvira, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba, kwa zaidi ya karne moja, shule ya eneo hili imekitumia Kiswahili kama mtumbwi wa kuvukia: kinapomfikisha mtoto ng'ambo kinaachwa, na wakati mwingine kimeachwa hata kabla ya kuvuka. Pamoja na lugha hiyo yameachwa maarifa ambayo mtoto huyapata ziwani, sokoni na mpakani. Kwa hiyo, mengi yaliyoitwa uvivu au uzito wa akili wa mwanafunzi ni matokeo ya umbali uliowekwa kati ya darasa na maisha yake.

2.0 Mazingira na lugha za eneo

Uvira umejengwa kwenye ukanda mwembamba wa ardhi kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika. Mito ya Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge hushuka kutoka milimani, hupita katikati ya makazi na kuingia ziwani. Kaskazini unafunguka uwanda wa mto Ruzizi. Mashariki, kwa mwendo mfupi kutoka nyumba za mwisho za Kavimvira, upo mpaka wa Burundi na kituo cha Gatumba. Mji wa Bujumbura uko chini ya kilomita 30. Kusini mwa mji ipo bandari ya Kalundu, inayounganisha eneo hili na Kalemie, Kigoma na Mpulungu.

Wavira, Wafuliru, Wabembe, Warundi, Wanyamulenge na watu wengine waliofuata kazi na biashara wamekutana hapa. Mtoto wa Kavimvira anaweza kusikia Kivira au Kifuliru kwa bibi yake, Kirundi kwa jirani, na Kiswahili kila anapotoka nje ya uwanja wa nyumba yao. Katika nyumba nyingi za mjini Kiswahili kimekuwa pia lugha ya kwanza ya watoto.

Kiswahili hicho kina sura yake. Watu husema ‘batoto’ na ‘banafunzi’ kwa kiambishi ba- badala ya wa-. Husema ‘ku masomo’ mahali ambapo kitabu huandika ‘shuleni’. Maneno ya shule yenyewe yametokana kwa wingi na Kifaransa: kalasi, kaye, tablo, direkta. Hata hivyo wenyeji wengi hukihesabu Kiswahili cha Uvira kuwa karibu na Kiswahili cha Ujiji na Kigoma kuliko kile cha miji ya mbali na ziwa, na sababu ni ya kihistoria. Ziwa hili lilikuwa barabara ya Kiswahili muda mrefu kabla ya shule ya kwanza ya Kizungu kujengwa.

3.0 Kiswahili kabla ya shule, na shule za mwanzo

Burton na Speke walipofika Uvira mwezi Aprili 1858 walisafiri kwa mitumbwi kutoka Ujiji, wakifuata njia ambayo tayari ilijulikana na wafanyabiashara. Livingstone na Stanley walipita njia ya ziwa hilohilo mwezi Novemba 1871 walipokwenda kuhakikisha kwamba mto Ruzizi unaingia ziwani na hautoki. Katika misafara hiyo Kiswahili kilikuwa lugha ya kupatana bei, kuajiri wapiga makasia na kuomba njia. Mtoto aliyekua kando ya ziwa alikisikia kama lugha ya watu wa mbali na ya mali. Kilikuwa pia lugha ya hofu, kwa kuwa biashara iliyopita hapo ilikuwa ya pembe za ndovu na ya watumwa. Pamoja na wafanyabiashara ilifika elimu ya chuo cha Kurani, iliyofundisha kusoma kwa hati ya Kiarabu. Baadaye utawala wa kikoloni uliitazama elimu hiyo kwa mashaka, wala haukuipa nafasi katika mpango wake wa shule.

Wamisionari wa Afrika, waliojulikana zaidi kwa jina la Mapadre Weupe, walifika Ujiji mwaka 1879. Mwaka 1880 walifungua kituo Masanze, kusini mwa Uvira, na mwaka 1883 kingine Kibanga, kwenye rasi ya Ubwari. Mwaka 1885 walikabidhiwa Mpala, iliyokuwa imeanzishwa na Emile Storms. Wanafunzi wao wa mwanzo walikuwa kwa sehemu kubwa watoto waliokombolewa kutoka kwa wauza watumwa. Watoto hao walitoka makabila mbalimbali na walikuwa wamenyang'anywa jamaa zao. Hawakuwa na lugha moja ya nyumbani. Kiswahili kilichoandikwa kwa hati ya Kilatini ndicho kilichowaunganisha.

Jambo hili lastahili kuzingatiwa. Katika eneo hili Kiswahili kiliingia darasani kwa sababu ndicho kilichokuwa kikieleweka na wote, kabla ya amri yoyote ya wizara. Kutoka katika mazingira ya shule hizo za Tanganyika alitoka Stefano Kaoze, aliyepadirishwa mwaka 1917, Mkongo wa kwanza kupata daraja hilo katika zama za ukoloni. Kabla ya upadirisho wake alikuwa amekwisha kuchapisha kwa Kifaransa maandishi kuhusu fikra za Wabantu. Mwanzo wake katika shule zilizotumia Kiswahili haukumzuia kuimudu lugha ya mbali.

Kwa upande wa Waprotestanti, wamisionari wa Kipentekoste kutoka Uswidi walifika Uvira mwaka 1921. Nao walihitaji wasomaji wa Biblia, na Biblia iliyofaa ilikuwa ya Kiswahili. Hivyo makanisa mawili yaliyoshindana kwa mambo mengi yalikubaliana kwa vitendo kuhusu lugha ya kusomea.

4.0 Mpango wa kikoloni: kusoma kwa kiasi

Mkataba wa mwaka 1906 kati ya Dola Huru ya Kongo na Vatikano uliwapa wamisionari Wakatoliki ardhi, nao wakaahidi kuendesha shule chini ya uangalizi wa serikali. Mwaka 1925 mpango wa ruzuku uliwekwa, na mwaka 1929 serikali ya kikoloni ilichapisha kitabu cha taratibu za shule kilichoongoza elimu ya Wakongo kwa karibu miaka 20. Ruzuku zilitolewa kwa misheni zilizohesabiwa kuwa za kitaifa, maana yake za Wabelgiji, ambazo zilikuwa za Kikatoliki. Shule za Kiprotestanti hazikupata msaada huo hadi mwaka 1948. Kwa watoto wa Uvira hili halikuwa jambo dogo. Dhehebu la wazazi liliamua kama mwalimu wa mtoto alilipwa na serikali au aliishi kwa sadaka za waumini.

Mpango wa 1929 uliweka daraja la kwanza la miaka 2, lililofundisha dini, kusoma, kuandika, hesabu, usafi wa mwili na kazi za mikono kwa lugha ya wenyeji au kwa lugha ya mawasiliano ya jimbo. Katika Kivu lugha hiyo ya mawasiliano ilikuwa Kiswahili. Kifaransa kiliwekwa zaidi kwa shule za mijini na madaraja ya juu. Kazi za mikono zilichukua nafasi kubwa, hasa kilimo. Katika uwanda wa Ruzizi, ambako pamba ilikuwa zao la lazima, shamba la shule halikuonekana mbali na shamba la kulazimishwa la mzazi. Mtoto alijifunza kwa Kiswahili kutii ratiba ya jembe.

Hapa ndipo palipo na utata mkubwa wa historia hii. Serikali ya kikoloni ilikitumia Kiswahili kwa kuwa kilirahisisha kufundisha. Ilikitumia pia kwa kuwa kiliweka mipaka. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili alisoma haraka, lakini vitabu alivyowekewa vilikuwa katekisimu, masimulizi ya Biblia na mafunzo ya usafi. Ajira ya karani na elimu ya juu vilikuwa upande wa pili wa Kifaransa. Mzazi aliyeona hayo alihitimisha kwamba lugha anayoielewa mtoto wake ni lugha ya kubaki chini. Hitimisho hilo lilitokana na mpango wenyewe, si na Kiswahili, lakini limeendelea kuishi muda mrefu baada ya mpango huo kufutwa.

Mabadiliko ya mwaka 1948 yalizidisha mgawanyiko. Baada ya miaka 2 ya mwanzo wanafunzi walichujwa: wachache walielekezwa kwenye daraja la pili la kuteuliwa, lililoongoza kwenye sekondari, na wengi walibaki katika daraja la kawaida lililowaandaa kurudi kijijini. Uamuzi huo ulimfikia mtoto akiwa bado mdogo sana. Wasichana walitengewa mtaala uliokazia ushonaji, upishi na malezi. Hivyo hamu ya msichana ilikatiwa njia kabla hajaitambua mwenyewe. Mwaka 1954 waziri wa makoloni Auguste Buisseret alianzisha shule za serikali zisizo za dini kwa ajili ya Wakongo, zilizotilia mkazo Kifaransa. Wazazi wengi wa mijini walizikimbilia shule hizo, na ushindani kati yake na shule za misheni ulipoa kwa makubaliano ya mwaka 1958 tu.

Ni katika miaka hiyohiyo ya 1950 ambapo kazi zilizoonekana kwa mtoto wa Kavimvira ziliongezeka. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, kaskazini mwa Kavimvira, kilianzishwa mwaka 1956. Uvira ulipata kituo cha utafiti wa viumbe vya ziwa, na uvuvi wa usiku kwa taa ukapanuka. Fundi mitambo, karani wa ghala, muuguzi na msaidizi wa maabara walikuwa watu wanaopita barabarani, na kila mmoja alikuwa amepita shule. Kwa mara ya kwanza mtoto aliweza kuona kwa macho yake kile ambacho shule inaweza kumfanyia mtu.

5.0 Baada ya uhuru: Kifaransa tangu siku ya kwanza

Uhuru wa mwaka 1960 ulileta dai la haki: watoto wote wapate elimu iliyokuwa ya wachache. Mwaka 1962 serikali iliamua kwamba Kifaransa kiwe lugha ya kufundishia tangu mwaka wa kwanza wa shule ya msingi. Nia ilikuwa kuondoa ubaguzi wa zamani. Matokeo yalikuwa kwamba mtoto wa miaka 6, ambaye hajawahi kusikia Kifaransa nyumbani, alitakiwa kujifunza kusoma na kujifunza lugha mpya kwa wakati mmoja.

Uzito wa kazi hiyo unaonekana katika neno moja ambalo mtoto wa ziwani hulijua mapema. Kwa Kiswahili ni ‘maji’: herufi nne, na kila moja inasikika. Aliyejua silabi ma na ji amelisoma, na silabi hizo atazikuta tena katika ‘mama’ na ‘jiko’. Kwa Kifaransa neno hilo huandikwa ‘eau’: herufi tatu zinazotamkwa kwa sauti moja, ‘o’, ambayo yenyewe haimo katika herufi hizo. Sauti hiyohiyo huandikwa kwa njia nyingine katika ‘mot’, ‘haut’ na ‘chaud’. Herufi ‘u’, ambayo Mswahili huitamka kwa namna moja daima, katika Kifaransa huwakilisha sauti asiyokuwa nayo, na sauti yake mwenyewe ya ‘u’ huandikwa ‘ou’. Kwa mtoto anayeijua lugha, hayo ni matatizo ya tahajia tu. Asiyeijua hana namna ya kukisia neno kwa maana, kwa kuwa maana yenyewe hana. Njia inayobaki ni kukariri. Darasa zima huimba sentensi iliyoandikwa ubaoni, na mwalimu anaweza kuamini kwamba wanasoma.

Katika shule nyingi za Kongo, kama katika nchi nyingine zilizofundisha kwa Kifaransa, mwanafunzi aliyekamatwa akizungumza lugha ya kwao alivishwa alama ya aibu, akakaa nayo hadi amkamate mwenzake. Adhabu hiyo ilimfundisha mtoto kunyamaza. Mtoto anyamazaye hawezi kuuliza, na asiyeuliza huhesabiwa kuwa hana hamu.

Kabla sera hiyo haijakomaa, vita viliikuta Uvira. Mwezi Mei 1964 mji uliingia mikononi mwa waasi wa Simba, na jeshi la serikali liliurudisha mwezi Oktoba mwaka huo. Tarehe 28 Novemba 1964 wamisionari watatu wa shirika la Wasaveri, pamoja na padre Mkongo Albert Joubert, waliuawa Baraka na Fizi. Walitangazwa wenye heri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Kwa jimbo lililoundwa mwaka 1962 tu, ambalo shule zake nyingi ziliendeshwa na misheni, hilo lilikuwa pigo kwa elimu pia.

Wakati wa utawala wa Mobutu suala la lugha lilifunguliwa upya. Mwezi Mei 1974 wanaisimu wa Zaire walikutana Lubumbashi na kupendekeza lugha za Kiafrika zipewe nafasi katika elimu. Mwishoni mwa mwaka huohuo serikali ilizitwaa shule za makanisa. Mwaka 1977 ilizirudisha chini ya uendeshaji wao kwa mkataba ambao ungali msingi wa shule nyingi za Uvira. Lugha za taifa, Kiswahili kikiwamo, zilirudishwa katika madarasa ya mwanzo. Lakini vitabu vilikuwa haba, na kila mtihani wenye uzito ulibaki kwa Kifaransa. Walimu wakawa wanaandika Kifaransa ubaoni na kueleza kwa Kiswahili. Ujuzi wa walimu hao, wa kuvuka kati ya lugha mbili mara kumi katika somo moja, ndio uliowafikisha watoto wengi mwisho wa shule ya msingi, ingawa haukutambuliwa rasmi.

6.0 Ziwa moja, sera tatu

Historia ya Kavimvira hueleweka vizuri zaidi ikilinganishwa na ile ya majirani zake. Tanzania, baada ya sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia kwa miaka yote 7 ya shule ya msingi. Burundi ilianza mwaka 1973 kukipa Kirundi madarasa ya mwanzo. Hivyo kwa muda mrefu watoto watatu wa ziwa moja, mmoja Ujiji, mmoja Gatumba na mmoja Kavimvira, waliingia darasa la kwanza wakiwa na umri unaolingana, lakini wa Kavimvira pekee ndiye aliyekuwa na nafasi ndogo ya kukuta kitabu katika lugha anayoielewa.

Ulinganisho huu usichukuliwe kwamba majirani walimaliza tatizo. Mwanafunzi wa Tanzania hukutana na ukuta wa Kiingereza anapoingia sekondari, na wa Burundi hukutana na Kifaransa katika madarasa ya juu. Ukuta haukuondolewa, ulisogezwa. Lakini kuusogeza kuna faida: mtoto huufikia akiwa tayari anajua kusoma, kuandika na kuhesabu, na akiwa amekwisha kuamini kwamba masomo anayaweza.

Kwa baadhi ya watoto wa Uvira na Fizi sera hizi zilikutana mahali pamoja. Vita vya mwaka 1996 viliwavusha watu wengi ziwa hadi Tanzania, ambako kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo katika mkoa wa Kigoma. Shule za Wakongo kambini ziliendelea kufuata mtaala wa Kongo ili watoto wasipotee watakaporudi. Hivyo mtoto wa Kikongo alizungumza Kiswahili na watu wa Kasulu, akaingia darasani kusoma kwa Kifaransa, huku shule ya kijiji jirani ikifundisha hesabu zilezile kwa Kiswahili. Upande wa pili, wakimbizi wa Burundi waliopokelewa tangu mwaka 2015 katika kituo cha mpito cha Kavimvira, kisha wakapelekwa Lusenda, watoto wao walitoka katika shule zilizoanza na Kirundi wakakuta mtaala wa Kongo. Wengi wao Kiswahili walikijifunza uwanjani, kwa mpira na kwa foleni ya maji, kabla ya kukisikia darasani.

7.0 Gharama, vita na maji

Lugha haikuwa kizuizi pekee. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mishahara ya walimu wa Zaire ilipoteza thamani, na migomo ikafunga shule. Wazazi wakaanza kuwalipa walimu wenyewe. Maneno ‘minervali’ na ‘primu’ yakawa sehemu ya msamiati wa kila mtoto, kwa sababu asiyelipiwa alirudishwa nyumbani, mara nyingi mbele ya wenzake. Familia yenye watoto watano ililazimika kuchagua nani asome, na mara nyingi msichana ndiye aliyesubiri. Kwa mtoto wa aina hii hamu si swali la saikolojia tu: alijifunza kutokuitegemea shule ambayo mlango wake hufungwa katikati ya muhula.

Katiba ya mwaka 2006 ilitamka kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Utekelezaji wake kwa nchi nzima ulitangazwa mwezi Septemba 2019. Watoto waliokuwa wamekaa nyumbani walijitokeza, na madarasa yakafurika. Bure ilifungua mlango. Haikuongeza madawati, vitabu wala walimu kwa kasi hiyohiyo.

Juu ya hayo kuna vita na maji. Uvira ulitekwa mwezi Oktoba 1996, ukaingizwa katika vita vipya mwezi Agosti 1998, na vita vikaufikia tena mwezi Desemba 2025. Mwezi Aprili 2020, shule zikiwa tayari zimefungwa kwa sababu ya korona, mto Mulongwe ulifurika na kubomoa nyumba nyingi. Katika miaka hiyohiyo, na tena mwaka 2024, maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kuingia katika makazi ya ufukoni, Kavimvira ikiwamo. Uhaba wa maji ya bomba huwalazimisha wengi kuteka ziwani, na kipindupindu kimekuwa kikirudi mara kwa mara. Kazi ya kuteka huwaangukia watoto, hasa wasichana, asubuhi kabla ya kengele. Mwalimu anayemwona amechelewa au anasinzia huona mwisho wa safari ambayo mtaala hauitaji.

8.0 Maarifa yasiyohesabiwa

Hata hivyo, mtoto huyohuyo anajifunza mengi nje ya darasa. Anajua kwamba ndagala na mikebuka huvuliwa usiku kwa taa, na kwamba mbalamwezi inapokuwa kamili wavuvi hupumzika kwa kuwa samaki hawavutwi na taa. Kwa hiyo anajua mwezi mpevu na mwezi mwandamo kwa sababu chakula cha nyumbani hutegemea hayo. Ndani yake mna somo la sayari, la mwanga na la tabia za viumbe. Mtoto anayemsaidia mama yake kuuza samaki, mchele au mafuta ya mawese karibu na mpaka hukokotoa kwa faranga za Kongo, faranga za Burundi na dola, na hujua bei ya kubadilisha ilivyosogea tangu jana. Huyo anafanya uwiano na asilimia bila kuzijua kwa majina hayo.

Darasani mtoto huyo anaweza kushindwa hesabu ya kugawanya iliyoandikwa kwa Kifaransa kuhusu treni mbili zilizotoka katika vituo viwili. Kavimvira haijawahi kuwa na treni. Kosa linaweza kuwa halimo katika hesabu hata kidogo. Limo katika sentensi ambayo hakuielewa na katika kitu ambacho hakukiona. Alama inayoandikwa kwenye daftari lake, hata hivyo, husema kwamba hesabu hajui.

Tangu kiwanda cha Kiliba kilipofungwa mwaka 1996, kazi zinazoonekana zimebadilika. Karani na fundi wa kiwanda walipungua machoni pa mtoto. Mbadilishaji fedha, dereva wa pikipiki na mfanyabiashara wa mpakani wakaongezeka. Watu hawa huzungumza Kiswahili, na baadhi yao hufanikiwa bila cheti. Ikiwa mtoto anavutiwa nao kuliko na daftari, hajachagua ujinga. Amesoma mazingira yake vizuri, na shule haikumwonyesha kwamba inayajua mazingira hayo.

9.0 Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba mambo manne yamekuwa yakiunda masomo na hamu ya wanafunzi wa Kavimvira: lugha ya miaka ya mwanzo, gharama, amani ya makazi, na kazi zinazoonekana. Kati ya hayo, shule yenyewe ina uwezo mkubwa zaidi juu ya la kwanza. Haiwezi kusimamisha vita wala kurudisha ziwa nyuma, lakini inaweza kuamua mtoto aanze kusoma kwa neno ‘maji’ au kwa neno ‘eau’.

Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inatambua lugha za taifa na lugha za mazingira kuwa lugha za kufundishia na pia somo. Msingi wa kisheria upo. Kinachohitajika ni vitabu vya Kiswahili vinavyohusu ziwa, mto na soko. Walimu waliofundishwa kuvuka kutoka Kiswahili kwenda Kifaransa kwa hatua zinazojulikana. Na mitihani isiyopima Kifaransa inapodai kupima hesabu. Kwa idara za Kiswahili vyuoni liko jukumu la pekee, yaani kueleza uhusiano kati ya Kiswahili cha ‘ku masomo’ na kile cha ‘shuleni’, ili mwalimu asianze kwa kumwambia mtoto kwamba hata Kiswahili chake ni kosa.

Hofu ya wazazi nayo isipuuzwe. Wanakumbuka, au walisimuliwa, kwamba zamani Kiswahili kilikuwa lugha ya kuwabakiza watu chini. Hofu hiyo haitaondolewa kwa hotuba juu ya utamaduni. Itaondoka siku ambapo mzazi wa Kavimvira atamwona mwanawe, aliyeanza kwa Kiswahili, akisoma Kifaransa kwa kukielewa kuliko yule aliyeanza nacho akakikariri.